Makosa Sabini na Manne

Barua ya kuniita kwenye usaili ilikuwa na mistari sita, na mstari wa tano ndio ulionikata hamu ya chakula cha mchana. "Jopo litafungua tovuti yako mbele yako, kwenye skrini kubwa, litaipitisha kwenye kikaguzi cha makosa, kisha litaitazama nje na ndani." Hawakutaka cheti wala barua ya mdhamini. Walitaka kuingia nyumbani kwangu mimi nikiwa nimekaa sebuleni, waanze kufungua makabati. Ijumaa, saa tatu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usahihishaji katika nyumba ya kuchapisha vitabu. Kusoma kitabu kabla ya watu wengine wote, ukiwa na kalamu nyekundu mkononi na ruhusa ya kuitumia. Nilianza kuiota kazi hiyo nikiwa chuoni, nikisomea stashahada ya lugha, ambayo baadhi ya jamaa zangu hadi leo wananiuliza kama nimeshapona.

Kwa wakati huo nilikuwa mchapaji katika duka la kutoa nakala. Mashine namba tatu, kompyuta ambayo herufi ya A lazima uigonge mara mbili ndipo iamke. Bosi alinipa kanuni moja tu siku ya kwanza: "Chapa kama ilivyoandikwa. Mteja amekuja kuchukua barua yake, hakuja kuchukua barua yako." Mwaka wa tatu sasa nilikuwa naitii kanuni hiyo. Mwezi uliopita nilimchapia mzee mmoja barua ya rambirambi iliyoanza, "Nimefurahishwa sana na taarifa za msiba wenu," kwa sababu alikuwa amenakili mwanzo wa barua ya harusi. Nilimwonyesha kwa kidole. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akaniuliza kama mimi ndiye niliyefiwa. Nikachapa kama ilivyoandikwa, nakala tano.

Ndiyo maana niliitaka ile kazi kama mtu aliyezama anavyotaka hewa.

Tovuti yangu haikunitia wasiwasi hata kidogo. Ilikuwa na insha zangu, hadithi zangu chache, picha zangu ishirini na tatu, na juu kabisa, kwa herufi za kumwamsha jirani, maneno niliyoyatunga mwenyewe: KOSA HALINIPITI. Nikafungua kikaguzi kile cha mtandaoni kwenye mashine namba tatu, nikaandika anwani yangu, nikakiachia kifanye kazi yake huku nikimtolea mteja nakala ya kitambulisho.

Niliporudi kilikuwa kimeshamaliza. Makosa sabini na manne.

Nikadhani nimeandika anwani ya mtu mwingine. Nikaandika tena, polepole, A zote nikizigonga mara mbili. Sabini na manne. Kikaguzi hakikuwa na haya, kilikuwa kimeyapanga mstari kwa mstari, na namba nyekundu pembeni, kama orodha ya wanafunzi wa kuadhibiwa.

Kwa asiyejua mambo haya: ukurasa wa mtandao ni kama nguo, una upande wa nje na upande wa ndani. Nje kuna maneno na picha. Ndani kuna alama, na karibu kila alama inayofunguliwa inatakiwa ifungwe. Hapa aya inaanza, hapa inaisha. Fundi akisahau kufunga, mara nyingi hutaona kitu, kwa sababu kompyuta ni mgeni mwenye adabu, analetewa mchuzi wenye chumvi ya kumwaga naye anasema ahsante, mzuri. Kikaguzi hakikufunzwa adabu hizo.

Na fundi wa tovuti yangu alikuwa kaka yangu.

Kaka ni fundi wa simu, redio, pasi na chochote kile chenye waya. Tunaishi naye kwa Bibi, nyumba ya vyumba vinne, kimoja chake kikiwa ndiyo karakana, yaani chumba ambacho vitu vinaingia vikiwa vibovu na vinakaa. Tovuti alinijengea nilipomaliza chuo. Ndiyo zawadi pekee aliyowahi kunipa ambayo hakuitumia yeye kwanza.

"Makosa sabini na manne," nilimwambia jioni ile, nimesimama mlangoni kwake kwa sababu ndani hakukuwa na pa kukanyaga.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anapuliza vumbi ndani ya redio. "Inafunguka, haifunguki?"

"Inafunguka."

"Basi."

"Basi nini? Nina usaili Ijumaa!"

"Miaka mitatu inafunguka ikiwa na makosa sabini na manne. Wewe umemtoa wapi binadamu mwenye sifa hiyo? Mwajiriwe pamoja."

"Kaka, mimi nasema mambo ya maana."

"Lete nikurekebishie. Nikimaliza hii redio."

Redio ile ilikuwa na mwaka na nusu mezani pale. Nikamwambia asijisumbue, nitarekebisha mwenyewe, kwa sababu katika familia hii kuna mtu anayejua kumaliza jambo. Kutoka chumba cha mbele Bibi akacheka. Bibi macho yake yalizima miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa akishinda kwenye kiti chake karibu na dirisha, simu sikioni, akicheka peke yake. Mimi siku zote nilidhani anasikiliza redio.

Jumanne nikaanza. Wateja walipopungua, niligeuza skrini upande wa ukuta nikaingia ndani ya tovuti yangu mwenyewe kama mkaguzi wa afya. Kaka ana namna yake ya kufanya kazi: akitaka ukurasa mpya, ananakili wa zamani, anabadilisha maneno, basi. Kwa hiyo aya aliyosahau kuifunga kwenye ukurasa wa kwanza aliisahau kwa uaminifu mkubwa kwenye kurasa zote kumi na moja. Kulikuwa na mahali alipofungua mlazo wa herufi na hakuufunga, na hadithi yangu ya kusikitisha ilikuwa imelala ubavu kutoka katikati hadi mwisho. Nami miaka yote hiyo nikadhani ni mtindo.

"Hiyo kazi ya mteja gani?" Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ya mteja mmoja msumbufu sana, Bosi."

"Yuko wapi?"

"Ameketi."

Bosi akatazama viti vya wateja, vitupu vyote, akaguna, akaenda kuigombeza mashine ya nakala.

Hadi tunafunga nilikuwa nimeua makosa thelathini na matatu. Yakabaki arobaini na moja, na yote, kikaguzi kilisema, yalikuwa kwenye picha.

Hayo nikayaendea Jumatano saa ya chakula. Na hapo ndipo nilipokutana na fasihi ya kaka yangu.

Kila picha ya mtandaoni huwekewa maelezo kwa ndani, sentensi moja au mbili kati ya alama za nukuu, kusema picha ni ya nini. Anayefungua ukurasa hayaoni, anaona picha tu. Mimi sikuwahi kujua yapo. Kaka alikuwa ameyaandika yote ishirini na matatu, tena kwa bidii ambayo ile redio haikuwahi kuiona.

Picha ya kwanza, ile ninayoipenda, nimeshika kitabu nikitafakari: "Dada akijifanya anasoma. Kitabu kimegeuzwa juu chini." Nikaitazama picha. Ni kweli kilikuwa juu chini. Miaka mitatu.

Ya mahafali: "Dada amemaliza chuo. Gauni la kijani ni la Shangazi. Shangazi bado analitafuta."

Ile niliyopigwa kibarazani na kikombe cha chai: "Uso wa mtu aliyeambiwa "chai imekwisha", na kikombe chake kimejaa pomoni."

Na hapo kosa likaonekana wazi. Kaka alikuwa akiweka maneno ya watu kwenye alama za nukuu ndani ya alama za nukuu, zote za mikia miwili. Kompyuta ikifika ya pili inadhani maelezo yamekwisha, na kila neno linalofuata linabaki nje, halina kwao, linahesabiwa kosa. Utani wenye maneno mengi zaidi ndio uliokuwa na makosa mengi zaidi. Kwa hesabu hiyo kaka alikuwa amejitahidi.

Damu ikanipanda. Niliona ile skrini kubwa, niliona jopo, nikaona gauni la Shangazi likisomwa na wahariri. Sikurekebisha alama hata moja. Nilifuta. Maelezo yote ishirini na matatu, kutoka nukuu hadi nukuu, na mahali pa kila moja nikaandika neno moja safi lisilo na madhara: "picha". Nikakiita kikaguzi.

Hakuna makosa.

Nilikisoma kimstari kile kidogo cha kijani hadi kikaniishia utamu. Nikakichapa kwenye karatasi. Nikaibandika ukutani juu ya mashine namba tatu, nikarudi kwenye kuchapa kama ilivyoandikwa, kichwa kimenivimba hata kofia isingeingia.

Jioni nilipofika nyumbani, Bibi hakuitikia salamu yangu.

"Shikamoo, Bibi."

Simu ilikuwa mapajani.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba yako ipo. Nimeiweka kwanza. Njoo hapa, mke mwenza." Ndivyo anavyoniita, kaka humwita 'mume wangu', na kesi zote za nyumba hii huamuliwa kwa msingi huo. "Huyu bwana wa kwenye simu amepatwa na nini?"

"Bwana gani?"

Akagusa kioo, akakitelezesha kidole kwa ujuzi ambao sikuujua. Sauti ya kiume, kavu, isiyopumua, ikatoka: "Kosa halinipiti. Picha. Picha. Picha."

Nikauweka mkoba chini.

"Jana alikuwa na maneno yake huyu," Bibi alisema. "Anazungumza, ananichekesha, namwona mjukuu wangu alivyo. Leo amekuwa kama mtoto wa mwaka mmoja aliyeonyeshwa kalenda. Picha! Picha! Nimemfuata kurasa zote, ishirini na tatu nimehesabu. Ameanguka akaumia kichwa?"

Kaka alikuwa ametokea mlangoni, bisibisi sikioni, na uso wa mtu aliyekuja kutazama mechi.

"Wewe ulijua?" nilimgeukia.

"Nilijua nini? Nimeandika mimi. Simu yake inasoma yaliyo ndani. Ulitaka asome rangi?"

"Mbona hamkuniambia kama anasikiliza tovuti yangu?"

"Hukuuliza," alisema kaka.

"Ningekuambia," alisema Bibi, "ungeanza kuniandikia kwa heshima."

Nikaeleza. Nikasema kuna usaili, kuna jopo, kuna skrini, watatazama ndani. Nikasema nitayarudisha yote Jumamosi, siku moja tu baada ya usaili, wala haitampunguzia mtu kitu.

"Jumamosi," Bibi alirudia. "Sawa. Mimi mtu mzima, mbele yangu kuna siku nyingi tu. Nitakaa nazo hapa dirishani, tutangojea Jumamosi."

"Bibi!"

"Nimesema sawa. Mbona unapiga kelele kwa mtu aliyesema sawa?"

Basi nikajitutumua. Nilisema nitamwandikia maelezo mapya kabla usiku haujaingia, yenye adabu na ufundi, yanayoweza kusomwa na jopo na Bibi pia. Si ndiyo kazi niliyosomea? Nilikaa na karatasi nusu saa, nikamsomea la kwanza kwa sauti yangu ya jukwaani: "Picha inamwonyesha mwandishi ameketi kwa utulivu, macho yake yakiyatazama yasiyofikika, mikono imelikumbatia neno lililoandikwa."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Nani amekufa?"

Kaka alilazimika kushika fremu ya mlango.

"Ni wewe unasoma kitabu, ama umelazwa?" aliendelea Bibi. "Kaka yako alisema kitabu kiko juu chini. Nikakuona pale pale, nikaona na kidole chako ulivyokitia katikati ya kurasa, maana najua unavyokitia. Hiyo ya kwako imejaa maneno, wewe mwenyewe humo."

Mtu akikusahihisha namna hiyo, hana stashahada, hana kalamu nyekundu, na hana macho, unajifanya una kiu. Nikaenda kunywa maji.

Alhamisi asubuhi wakati naondoka alikuwa kwenye kiti chake. Alidhani nimeshatoka. Niliisikia ile sauti kavu, "Picha," naye anatelezesha kidole, "Picha," anatelezesha, polepole, hakosi moja, kama anayebisha hodi kila mlango wa nyumba aliyoijua kuona kama kuna aliyebaki. Alipofika ishirini na tatu aliizima simu akaiweka kifudifudi.

Nikarudi ndani hadi karakana.

"Unayo nakala ya zamani?"

"Mimi huwa sifuti kitu," alisema kaka kwa majivuno ya mtu anayesema huwa haibi. Ni kweli. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na tovuti yangu iitwayo "mpya", nyingine "mpya kabisa", nyingine "mpya kabisa ya mwisho", na moja iitwayo "usiguse". Maelezo yalikuwa kwenye "usiguse".

"Nipe."

"Sema vizuri."

"Naomba."

"Naomba nani?"

"Naomba, kaka."

"Kwa sharti. Alama fanya unavyotaka, ndiyo fani yako. Neno langu usiguse hata moja."

"Hata la Shangazi?"

"Hasa la Shangazi."

Niliondoka na maelezo yale kwenye kidude cha kuhifadhia, na njia nzima nilikuwa nikijiona nimesimama mbele ya jopo na kitabu juu chini. Kazi niliyoingoja miaka mitatu, na mimi mwenyewe naibebea mzaha wa kuizika. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kugeuka.

Saa ya chakula nikaketi mashine namba tatu, nikayarudisha moja baada ya jingine. Neno sikugusa. Nilichogusa ni mikia: kila nukuu ya ndani niliyoikuta na mikia miwili nikaiachia mmoja, ili kompyuta ijue kwamba anayezungumza bado hajamaliza. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja na jicho lisilopepesa. Mahali pengine kaka alikuwa na watu watatu wanazungumza ndani ya picha moja. Nilimaliza Bosi akiwa ameshaniita mara nne. Nikakiita kikaguzi huku nimefumba macho, nikafumbua kwanza la kushoto.

Hakuna makosa. Na utani wote ulikuwemo ndani, umekaa mkao wa kula, umevaa rasmi.

Jioni sikumwambia Bibi kitu. Nilijitia nakunja nguo. Akaishika simu bila matumaini, akatelezesha.

"Dada akijifanya anasoma," ilisema ile sauti. Bibi akaketi wima.

Akapita ya kitabu, akapita ya mahafali akicheka kabla haijafika kwa Shangazi, akafika ya kikombe.

"Uso wa mtu aliyeambiwa chai imekwisha, na kikombe chake kimejaa pomoni."

Kidole kikasimama. Akairudia. Akairudia tena.

"Kumbe chai ilikuwepo!" alisema. "Mume wangu! Njoo! Chai ilikuwepo!"

"Ilikuwepo siku zote," kaka alijibu kutoka karakana.

"Mimi nilikuwa nasikia 'uso wa mtu aliyeambiwa', halafu kimya! Miaka mitatu nawaza aliambiwa nini huyu mtoto. Nikasema labda amefukuzwa kazi, wananificha." Alicheka mpaka akatafuta pembe ya kanga ajifute. "Kila palipokuwa panataka kunoga huyu bwana alikuwa anakatisha. Nikadhani ana aibu."

Alizipitia zote ishirini na tatu, na kwenye kila moja iliyokuwa na mkia wake alipiga ukelele kama aliyepata kilichopotea. Mimi nikalikunja shati lilelile mara tatu.

Ijumaa saa tatu kasorobo nilikuwa kwenye korido ya nyumba ile ya vitabu, nimevaa gauni la kijani, sitasema la nani. Ndani walikuwa wawili: mwenyekiti wa jopo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kijana wa kompyuta aliyenisalimu kwa nyusi. Ukutani skrini kubwa kama shuka.

"Kipitishe," alisema mwenyekiti.

Kijana akagonga. Tukangoja. Kikatoka kile kimstari cha kijani.

"Hakuna," alisema kijana, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Wewe ndiye wa kwanza asiye na kosa. Jana mmoja alikuwa na mia na tisa."

"Fungua ndani," alisema mwenyekiti.

Hapo ndipo nilipotamani kuwa mgonjwa wa stashahada kweli, nilazwe. Alama zikaanza kuteremka kwenye skrini, safi, zimefungwa zote, na katikati yake, meupe kama meno, maneno ya kaka. Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma kimya. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa sauti, taratibu, kwa ile sauti ya watu wanaosoma kwa riziki.

"'Dada akijifanya anasoma. Kitabu kimegeuzwa juu chini.'" Akateremsha. "'Gauni la kijani ni la Shangazi...'" Akanitazama mimi. Akalitazama gauni. Kijana wa kompyuta aligeukia dirisha, mabega yanamcheza.

Mwenyekiti hakucheka. Alizisoma karibu zote, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu. Kwenye ya kikombe ulishindwa.

"Nani ameandika haya?"

Nawaambia ukweli: jibu lilikuwa tayari ulimini, silabi mbili tu. *Mimi.* Tovuti ni yangu, uso ni wangu, hata aibu yenyewe ilikuwa yangu. Kaka hayupo. Nani angejua?

"Kaka yangu," nilisema. "Bibi yetu haoni. Simu yake inamsomea yaliyo ndani, kwa hiyo kaka humwandikia picha zilivyo."

"Na wewe hapa umefanya nini?"

"Nimefunga alama."

"Tu?"

"Hii ya kikombe ilikuwa inakatika kwenye 'aliyeambiwa'. Alama ya nukuu ilikuwa inaifunga mapema. Bibi alikaa miaka mitatu bila kusikia mwisho." Nikaionyesha kwenye skrini. "Nimeufikisha mwisho. Neno la mtu sijagusa."

"Hukutaka kuliboresha?"

"Nilijaribu. Bibi akauliza nani amekufa."

Hapo mwenyekiti akacheka wazi, kicheko kikubwa kuliko yeye. Akaivua miwani, ikabaki inaning'inia.

"Unajua wangapi wamekaa kwenye kiti hicho wiki hii wakaniambia wao huboresha maandishi ya watu?"

"Hapana, mama."

"Wote." Akaandika kitu. "Miezi mitatu ya majaribio. Unaanza tarehe mosi. Na usijifanye unalia, bado sijamaliza."

Sikuwa nalia. Lilikuwa ni jicho moja tu.

"Tuna vitabu vya watoto," aliendelea, "tunataka vipate matoleo ya kusikilizwa, kwa watoto wasioona. Kila mchoro unahitaji maelezo. Mpango ulikuwa kwamba msahihishaji atakayepatikana ndiye atakayeyaandika."

Nikakaa vizuri kitini. Nilishaanza kuyatunga. Nilishaona jina langu kwenye jalada, kwa herufi za wastani.

"Kaka yako ana kazi?"

"Anayo redio," nilisema kabla sijajizuia.

"Namba yake, tafadhali." Akanisogezea karatasi na kalamu. Ilikuwa nyekundu.

Kwa hiyo nimesoma miaka mitatu, nimefunga alama zote duniani, na sehemu tamu ya kazi inamwendea mtu ambaye hajawahi kufunga hata mlango wa kabati. Kila kicheko atakachowaandikia watoto wale kitapita mezani kwangu, nami nitakagua mikia. Nikaiandika namba yake harakaharaka, jinsi mtu anavyoandika kitu asichokipenda, nikaisukuma mbele.

Mwenyekiti akavaa tena miwani, akaisogeza karatasi karibu. "Hii ni moja, au saba?"

Nikaitazama. Kwa jinsi nilivyoiandika, ilikuwa moja safi kabisa. Angepiga simu kwa mtu asiyemjua, angejaribu mara mbili, angechoka, maelezo yangerudi kwangu, na hakuna kikaguzi duniani ambacho kingenikamata.

Nikaichukua kalamu, nikaitia saba kofia yake, na kamstari katikati, ionekane hata kwa mbali.

"Saba, mama," nilisema. "Na ukimpata, mwambie umetoka kwa dada yake. La sivyo atadhani unadai redio."